Kufunga mziki kwenye pikipiki bila kuua betri: mwongozo kamili kuanzia koili ya chaji mpaka spika

Wengi wetu mziki wa pikipiki tunauanzia dukani. Mtu anashuka Kariakoo, anaona spika zinawaka taa za bluu na nyekundu, zimeandikwa 500W kwa maandishi makubwa, anachanganyikiwa, analipa, anarudi nazo kijiweni alafu ndo anauliza, hivi hizi naziunga wapi. Mi nilifanya hivohivo kwenye Boxer yangu ya kwanza. Waya nilichukua betri moja kwa moja, fyuzi hamna, nikaupitisha chini ya tanki mpaka kwenye usukani, na ukapiga kweli wiki mbili tatu, watu wanageuka.

Siku moja niko kati ya Kimara na Mbezi, nyuma nimepakia mama mmoja na kikapu chake, akaniambia, "Kaka, mbona kama kuna kitu kinaungua?" Nikamjibu hiyo ni klachi ya daladala hapo mbele mama, usijali. Hata dakika haijaisha moshi unatoka katikati ya mapaja yangu. Waya ulikuwa unasuguana na chuma pale shingoni usukani unapokatia, ngozi ikaisha, shaba ikagusa fremu, waya wote umelainika kama peremende na juu yake kuna tanki la petroli. Nilichomoa terminali ya betri kwa mkono, kidole nikaunguza. Yule mama alishuka, akanilipa hela yangu kamili, akasema Mungu mwema, akapanda daladala.

Kwahiyo huu mwongozo unaanza na umeme, spika zitakuja baadae. Mifano yangu ni pikipiki hizi tunazotumia kila siku, Boxer, TVS na jamaa zake. Mwenye pikipiki kubwa za safari umeme wake ni mwingi zaidi ila kanuni ni zilezile, na kama una zile BMW za GS zenye kompyuta, usikate waya wowote wa taa kutafuta umeme, kompyuta itaona hitilafu na inaweza kukuzimia hata hiyo taa. Vuta waya wako mpya kutoka kwenye betri, basi.

HATUA YA KWANZA: JUA UNA UMEME KIASI GANI

Tafuta mita, hizi ndogo za njano za mafundi redio zinatosha. Weka kwenye volti DC 20. Asubuhi kabla hujawasha pima betri, ikiwa nzima na imeshiba itasoma 12.6 mpaka 12.8. Ukikuta 12.2 hiyo imebaki nusu, na ukikuta 11 na kitu hapo acha habari za mziki kwanza, tibu betri.

Sasa washa injini, washa na taa kubwa, pima tena hapohapo kwenye betri. Silensa peke yake, yani injini inaunguruma bila kuvuta moto, inaweza ikasoma ndogo, usishtuke. Vuta moto kidogo kama uko barabarani spidi 50 hivi, inatakiwa ipande iwe kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda ujue chaji haiji, aidha koili (ile inayozalisha umeme kwenye injini) imechoka au rektifaya (inayougeuza uwe wa betri na kuukata volti zisizidi). Ikipita 15 rektifaya haikati tena, na hiyo itaua betri, itaua taa, na amplifaya yako mpya haitamaliza mwezi.

Kipimo cha pili ndo ninachokipenda maana hakidanganyi. Chukua globu ya taa kubwa, zile za wati 35, ifunge waya mbili, iunge kwenye betri injini ikiwa inawaka na pikipiki iko kwenye stendi kubwa. Usiishike kioo, inachoma vibaya. Mshkaji akushikilie moto kwenye mzunguko wa barabarani, wewe angalia mita dakika mbili. Ikibaki 13.3 kwenda juu maana yake pikipiki yako ina wati 35 za ziada ambazo hazina kazi, hizo ndo bajeti ya mziki wako. Ikishuka chini ya 13 na inaendelea kushuka, betri ndo inayotoa sasa, koili imezidiwa. Ufunge mziki kwenye pikipiki ya namna hiyo alafu ulalamike betri za siku hizi feki.

Kuna wanaobadilisha taa kubwa kuweka LED ili wapate umeme wa ziada, wazo zuri, ila angalia kwanza. Fungua swichi bila kuwasha injini alafu washa taa kubwa. Isipowaka kabisa, mara nyingi hiyo taa inalishwa na koili moja kwa moja bila kupita kwenye betri, na ukiweka LED ya kawaida hapo itapepesa au itakufa, na betri haitapata faida uliyotegemea. Ikiwaka kwa betri basi LED itakusaidia kweli.

WATI ZA KWENYE BOKSI NA WATI ZA KWELI

Hapa ndo tunapoibiwa. Chukua hiyo amplifaya iliyoandikwa 500W, igeuze nyuma, angalia fyuzi yake. Ukikuta fyuzi ya ampea 5, piga hesabu ya darasa la saba, 5 mara volti 12 ni wati 60. Haiwezi kutoa wati 500 kwenye fyuzi ya wati 60. Na hata hizo 60 sio zote zinafika kwenye spika, nyingine inageuka joto.

Ukweli wenyewe ni kwamba amplifaya isiyo na mtambo wa kupandisha volti ndani, ikilishwa 14.4 na ikapewa spika ya omu 4 (huo ndo ukinzani wake), kwa sauti safi haivuki wati 25 kwa spika moja, hata iwe na jina gani. Sasa wati 20 ni nyingi kuliko unavofikiria, spika iko nusu mita kutoka usoni kwako, sio ukumbi wa harusi.

Ziko za aina mbili kubwa. Za kizamani, daraja AB, kama zile bodi za TDA7297 ambazo mafundi redio wanazo kila kona, ngumu, haina mambo mengi, inakula volti 6 mpaka 18, ila karibu nusu ya umeme inageuka joto. Alafu kuna daraja D, mfano bodi za TPA3116, hizi asilimia 80 na zaidi ya umeme inakwenda kwenye spika, bati lake la kupoozea dogo, na kwa pikipiki yenye umeme wa kubana mi nachagua hii bila kufikiria. Kitu cha kuangalia kwenye bodi yoyote ni zile kapasita za duara zilizosimama kama vikopo, zimeandikwa volti. Ukikuta 16V iache, chaji ya pikipiki ikicheza kidogo tu zinavimba kichwa. Tafuta zilizoandikwa 25V au 35V.

Na kingine muhimu mno ambacho kimeua amplifaya nyingi kuliko mvua: hizi bodi zote nilizotaja kila spika ina waya zake mbili na ZOTE mbili zina umeme. Ule wa hasi wa spika sio ethi, yani sio hasi ya betri na fremu. Usiuguse kwenye fremu, usiunganishe hasi za spika mbili pamoja ili kuokoa waya kama tulivozoea kwenye redio za zamani. Ukifanya hivo unasikia "tik" moja, harufu, kwisha.

SPIKA

Inchi 4 zinatosha kwa usukani, kwenye bampa la mbele unaweza kwenda inchi 5 na zaidi. Ganda la spika (ile koni inayotikisika) la karatasi likikutana na masika moja linakuwa uji, chukua la plastiki na pembeni mpira.

Usiangalie wati za spika, angalia desibeli, imeandikwa kwenye karatasi yake kama 88dB au 91dB. Hizo 3 zilizozidi zinaonekana kitu kidogo ila maana yake spika ya 91 ikipewa wati 20 inapiga sawa na ya 88 iliyopewa wati 40. Yani umepata amplifaya mara mbili bure bila kuongeza hata ampea moja kwenye betri. Kwenye pikipiki hapo ndo pa kuweka hela yako.

Omu usishuke chini ya 4. Ukiunga spika mbili za omu 4 kwenye tundu moja sambamba zinakuwa omu 2, bodi inachemka na kuzima.

Spika ikae ndani ya kitu kilichofungwa nyuma. Ukiifunga wazi kwenye bati, sauti ya nyuma inakutana na ya mbele zinauana, unabaki na sauti ya mbu. Mi natumia bomba la maji taka la milimita 110, kipande cha sentimita 15 hivi na kifuniko chake cha nyuma, spika ya inchi 4 inakaa mdomoni na kaukingo kake, nenda nayo dukani ujaribishe maana saizi za ukingo hazifanani. Gundi ya bomba nyuma, silikoni mbele, ndani unajaza kipande cha godoro lisilobanwa sana. Toboa katundu kadogo upande wa chini, ukubwa wa njiti ya kiberiti, maji yakiingia yatoke. Piga rangi nyeusi hakuna atakayejua ni bomba la choo.

Besi nayo niiseme. Ukifika spidi 70 upepo kwenye helmeti umeshameza besi yote, kinachokufikia ni sauti ya mwimbaji na magitaa, wakati huohuo ile besi usiyoisikia ndo inayokula umeme mwingi na kutikisa spika ndogo mpaka inakwaruza. Ikate. Nunua kapasita mbili za maikrofaradi 470 (470uF), volti 25 au zaidi, kwa kila spika, ziunge hasi kwa hasi zikiangaliana migongo, alafu weka hicho kipande katikati ya waya wa chanya unaokwenda kwenye spika. Kwa spika ya omu 4 inapunguza kila kilicho chini ya hezi 170 hivi. Utashangaa, sauti itapanda na spika itatulia. Anayetaka sabufa akafunge kwenye bajaji.

KUVUTA WAYA

Kwanza chomoa terminali ya hasi ya betri. Mwisho kabisa ndo utairudisha. Funga koki ya mafuta, toa siti, toa tanki kama waya utapita chini yake, usifanye kama mimi ya kusukumiza waya na fimbo ya pazia.

Waya wa umeme tumia milimita 2.5, ule mlaini wenye nyuzi nyingi, sio ule mgumu wa nyumba maana mtikisiko unaukata. Kutoka chanya ya betri, kabla haujafika sentimita 15, weka fyuzi. Kwa bodi ya spika mbili za wati 20 mzigo wake ni ampea 4 hivi ukifungulia zote, kwahiyo fyuzi ya 5 au 7.5 inatosha. Fyuzi ikikatika usiongeze kubwa na usiweke karatasi ya sigara, tafuta kwanini imekatika. Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto chini ya tanki, na ndo maana inakaa karibu na betri, ikikaa huko kwenye amplifaya ule urefu wote wa katikati hauna mlinzi.

Alafu weka rilei, yani swichi inayowashwa na umeme, zile nyeusi za gari za miguu 4. Watu wanaiogopa bure, miguu imeandikwa namba chini. 30 inapokea umeme kutoka kwenye fyuzi. 87 inakwenda kwenye amplifaya. 85 inakwenda hasi. 86 inakwenda kwenye waya wowote mdogo unaopata umeme ukifungua swichi na kufa ukifunga. Faida yake, swichi yako ya funguo haibebi mzigo, na ukichomoa funguo mziki unakufa hata kama umesahau, betri haiishi usiku.

Huo waya wa 86 utafute na mita, mi napenda ule unaolisha swichi ya breki au honi. Usichukue wa taa ya nyuma kwenye pikipiki ambazo taa zinalishwa na koili, ule umeme ni wa AC, unageukageuka, na rilei itatetemeka kama nyuki kwenye kopo.

Hasi ya amplifaya irudishe mpaka kwenye hasi ya betri yenyewe. Najua kwenye fremu ni karibu zaidi na mafundi wengi wanafunga hapo, ila boliti za fremu zina rangi na kutu, na mlio wa "wiiiii" unaopanda na moto wa injini mara nyingi unaanzia hapo.

Njia ya waya: kaa upande ambao hauna ekzosi, fuata waya za kiwandani, funga na zipu tai kila shubiri moja. Pale shingoni acha waya ulegee, alafu kata usukani kushoto mpaka mwisho, kulia mpaka mwisho, angalia kama kuna kinachovutika au kubanwa. Fanya hivo mara kumi. Kila unapopita kwenye kona ya chuma visha kipande cha mpira wa maji. Waya mdogo wa sauti unaotoka kwenye simu au redio uweke mbali na waya wa plagi.

Maungio yachome na risasi alafu vishe mrija wa plastiki unaojikunja ukipashwa moto. Kusokota na kuzungushia tepu kunakaa mwezi, jua la Dar linayeyusha gundi ya tepu na inaachia.

AMPLIFAYA IKAE WAPI

Chini ya siti au nyuma ya kava la pembeni, isimame na matundu ya waya yaangalie chini. Waya zinazoingia zishuke kwanza chini ya boksi kama mdomo wa bata alafu zipande, maji yanafuata waya yanadondokea pale chini badala ya kuingia ndani. Usiifunge kwenye mfuko wa rambo, itapika. Na kuliko mvua mi naogopa car wash, yule dogo na ile mashine yake ya presha anaweza akaingiza maji sehemu ambayo masika nzima haijafika, mwambie kabisa upande huu tumia kitambaa.

KUWASHA MARA YA KWANZA

Kabla ya kuunga spika chukua betri ya saa ya ukutani, volti 1.5, gusisha kwenye waya za spika sekunde moja. Ganda likitoka nje, ule uliogusa chanya ndo chanya. Fanya spika zote mbili ili zisukume pamoja, moja ikiwa kinyume sauti inakuwa nyembamba na hutajua tatizo liko wapi.

Washa mziki kwanza injini ikiwa imezimwa. Sikiliza. Alafu piga kiki sikiliza tena. Ukisikia mlio unaofuata moto wa injini na simu yako iko kwenye chaji ya hapohapo kwenye pikipiki, chomoa chaji. Mlio ukikata mkosaji ni chaji, umeme wa simu na sauti vinakutana njia mbili za ethi. Nunua ile kitenganishi cha sauti ya waya wa AUX, au tumia bluututh ya simu. Ukisikia "tatatatata" kwenye redio ya FM pekee, hiyo ni plagi, angalia kama ina herufi R kwenye namba zake, kwenye NGK kwa mfano hiyo R ndo inaonyesha ina rezista ya kutuliza makelele ya redio.

Kupanga sauti: simu iweke asilimia 80, pandisha amplifaya taratibu mpaka inapoanza kukwaruza, rudisha nyuma kidogo, weka alama hapo na rangi ya kucha ya shemeji yako. Hiyo ndo mwisho. Hata amplifaya ndogo ikikazwa mpaka inakwaruza inaweza kuua spika.

Ukiwa umepaki injini imezimwa kumbuka betri ya pikipiki ni ndogo. Ya ampea-saa 5 (5Ah) usiile zaidi ya nusu, mziki wa wastani unakula ampea 1 hivi, hayo ni masaa mawili na nusu, ila ukifungulia zote hata dakika 40 hazifiki. Wenye kiki mnaweza mkajaribu, wenye stata peke yake mtasukuma.

Barabarani acha sikio lisikie honi ya basi. Na sheria ipo, Tanzania kuna kanuni za kelele na mitetemo za 2015, Kenya wanazo za 2009, ila hata bila hizo, kabla hujawasha muulize abiria wako. Kuna anayetoka msibani.

Baada ya wiki moja toa siti, kaza boliti zote upya maana mtikisiko umeshazilegeza, alafu piga mziki dakika kumi na ushike kishikio cha fyuzi kwa vidole. Kikiwa cha moto, terminali imelegea hapo. Ibane leo.